Nafasi ya Mshono

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Mteja akija kueleza nguo anayoitaka, yeye aliitikia kwa kichwa tu, akamzungushia futi kamba kiunoni huku macho yake yako ukutani, na siku ya kuchukua ikifika nguo ilimkaa mtu kama alivyoiota. Ikibana, Fundi hakujitetea. Aliichukua, akaifumua kwa wembe, akaishona upya. Kwake kufumua ilikuwa kazi nyepesi kuliko kuzungumza.

Shule yake iliishia ya msingi, na hakuwahi kuilalamikia. Mkewe ndiye aliyekuwa na kiu ya kitabu. Walipopata watoto watatu na wa mwisho akaanza kwenda shule, mama huyo alisema anarudi kusoma, tena uuguzi. Majirani walicheka chinichini. Fundi alinunua kitambaa cheupe kizuri, akamshonea gauni la kazi, akalitundika nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni, likisubiri siku yake.

Siku yenyewe ikagoma kufika. Chuo mkewe alimaliza vizuri, lakini mtihani wa leseni ukamwangusha kwa alama nne, na zote zilipotelea kwenye sehemu ya madhara ya dawa. Zahanati ya jirani ilikubali kumshikia nafasi mpaka mtihani wa marudio, basi. Akianguka tena, wanamchukua mwingine.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema mkewe siku ile ya matokeo, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Siku mbili baadaye Fundi alizidiwa na kizunguzungu akiwa kwenye cherehani. Alikwenda kituo cha afya peke yake, wakampima, wakamwambia ana presha, wakampa vidonge na kumwonya asiviache hata siku moja. Akiona shida yoyote arudi. Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe macho mekundu, akaona kwamba mwenzake ana lake. Akakificha kiboksi cha vidonge ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, akawa anameza kimoja kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la duka. Hiyo ikawa siri yake kwa miezi mitano.

Zilipobaki siku nane kufikia marudio, wenzake wawili wa mkewe wakaanza kuja kila siku saa kumi alasiri. Wote watatu walikuwa wameanguka mara ya kwanza. Mmoja aliitwa Kiranja, kwa sababu chuoni alikuwa kiongozi wa darasa na mpaka leo alizungumza kama anaita majina. Wa pili aliitwa Kasuku. Huyo alisoma kwa sauti, alitembea akisoma, na watu waliapa kwamba akilala huota orodha za dawa. Walikaa chumba cha mbele, ambako ndiko kwenye cherehani, meza ya kukatia na nguo za watu.

Kiranja alileta seti mbili za maswali ya majaribio. Kila seti ilikuwa na maswali hamsini, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na majibu, herufi tupu bila maelezo.

"Shemeji, tusaidie kopi," alisema. "Halafu uzibane vizuri, zisije zikapotea."

Fundi akaenda duka la kopi ng'ambo ya barabara. Alipokuwa anatoka na karatasi zake zingali za moto, mtu mwenye haraka alimpiga kikumbo, zikatawanyika mlangoni. Akaziokota moja moja. Za maswali zilikuwa na namba chini zinazofuatana toka seti moja hadi nyingine, akazipanga bila taabu. Zile mbili za majibu zilifanana kama mapacha. Alizitazama zile safu za herufi tu, akaweka moja huku na nyingine kule. Stepla ya duka ilishindwa kuutoboa unene ule, kwa hiyo nyumbani alifanya anavyojua yeye. Aliweka sindano nene na uzi wa jinzi, akapinda ukingo wa juu upana wa kidole gumba, akashona kama kalenda. Fundi hawezi kushona kitu bila kuacha nafasi ya mshono. Vilitoka vitabu viwili imara hasa.

"Hivi hata mvua haiviwezi," alisema Kasuku akivivuta.

Sasa wakatafuta msomaji. Kiranja alisema msomaji asijue majibu, kwa sababu anayejua sauti yake humsaliti anapofika penyewe.

"Shemeji ndiye," alisema. "Shemeji hajui kitu."

"Asante," alijibu Fundi, nao wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Utaratibu ukawa hivi. Maswali kumi kwa siku. Fundi anasoma, kila mmoja anataja herufi yake, Fundi anaziandika kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha bitana nyeusi alichokitundika ukutani, ili mtu asije akageuza jibu. Ndipo anafungua ukurasa wa mwisho.

Kusoma hakukuwa rahisi. Majina ya dawa yalikuwa marefu kama treni ya mizigo, yeye akayapanda behewa moja moja. Mengine yalimshinda akayaruka. Lakini maswali yenyewe ndiyo yaliyomvuruga akili. Kwenye ushonaji, mkono ni mkono na shingo ni shingo. Humu, majibu manne yote yalionekana ya kweli, na swali lilitaka lililo la kweli zaidi. Kitu kikiwa kweli, kinazidije ukweli? Tena kila dawa aliyoisoma ilimwingia mwilini. Akisoma mdomo kukauka, ulimi wake uligeuka kitambaa. Akisoma masikio kuvuma, alisikia nyuki.

"Mama mjamzito anatumia vidonge vya madini ya chuma," alisoma siku ya kwanza. "Muuguzi amwambie atarajie nini? A, kusinzia. B, choo kuwa cheusi. C, midomo kukauka. D, kuumwa kichwa."

"B!" walisema watatu kwa pamoja, Kasuku akiwa amesimama kabisa.

Fundi akafungua nyuma. "D."

"D gani?"

"D ya debe."

Walitazamana. Mkewe alimwomba asome tena, akasoma tena. Ilikuwa D.

"Ngojeni," alisema Kiranja, akinyoosha kidole. "Mnakumbuka mwalimu alisemaje? Jibu linalokurukia la kwanza ndilo mtego. Choo cheusi mama ataona mwenyewe akienda chooni, kuna haja gani ya kumwambia? Kichwa ndicho anachotakiwa kuandaliwa."

"Aaa!" alisema Kasuku. "Kumbe!"

Mke wa Fundi hakusema kumbe. Alikaa akiuma kucha. Fundi naye alishangaa jinsi wasomi wanavyoona mbali, maana yeye hata kama angekaa mwaka mzima asingefika huko.

Siku hiyo Kiranja alipata matatu katika kumi, Kasuku mawili, mke wa Fundi mawili. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Kwa kila jibu la ajabu lililotoka ukurasa wa mwisho, Kiranja na Kasuku walitafuta sababu, na sababu ilipatikana. Ya dawa ya kifua kikuu inayogeuza rangi ya mkojo walizungumza karibu nusu saa, mpaka wakakubaliana kwamba mkojo si tatizo la mgonjwa, ni tatizo la choo. Siku ya tatu waliacha kabisa kutaja wanalolijua. Walisikiliza majibu manne, wakachagua lile ambalo mtu mwenye akili zake asingelichagua. Kiranja akapata matano.

"Tumeanza kumjua mtunga mtihani," alisema kwa furaha. "Anafikiri kinyumenyume."

Mke wa Fundi alijaribu kwenda kinyumenyume nao, akapotea njia zote mbili. Jioni alikuwa akiosha vyombo huku akinong'ona majina ya dawa, kisha ananyamaza katikati ya jina, sahani mkononi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

Wakati wote huo Fundi alikuwa akikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha kukwaruza koo, kisicho na kitu ndani yake. Kilianza wiki chache baada ya vidonge. Mkewe alikwisha kumwambia ni vumbi la vitambaa, ajifunge kitambaa puani. Alijifunga, akaendelea kukohoa chini ya kitambaa. Moyoni alikuwa na hofu ya kifua kikuu, na aibu ya kwenda kusumbua watu kituoni kwa kikohozi.

Siku ya nne walifika swali la thelathini na saba.

"Mgonjwa wa presha anatumia enalapril," alisoma Fundi, moja kwa moja, bila kukwama.

"Ehe!" alisema Kasuku. "Leo shemeji kapita jina zima bila kuvunja mfupa!"

Fundi alihisi uso umepata moto. Jina hilo alilisoma kila asubuhi juu ya kiboksi. Aliinamisha kichwa akaendelea. "Ni lalamiko gani ambalo muuguzi atalitarajia zaidi kutokana na dawa hii? A, kikohozi kikavu kisichoisha. B, kukosa usingizi. C, kukosa choo. D, kuongezeka hamu ya kula."

Alipomaliza kusoma A, alikohoa. Hakukusudia.

"C," alisema Kiranja. "A imekaa kimtego."

"C," alisema Kasuku.

Mke wa Fundi alitikisa kichwa. "Mimi nasema A. Hili nalijua. Nilimwona mgonjwa wodini."

Fundi akaandika herufi zao kwenye bitana. Akafungua nyuma. Aliangalia namba thelathini na saba mara mbili.

"C," alisema polepole.

"Umeona?" Kiranja alimgeukia mke wa Fundi. "Wewe shoga yangu bado unaamini macho yako. Ndiyo yaliyokuangusha."

"Kwanza kikohozi ni cha kila mtu," alisema Kasuku. "Hata shemeji hapo anakohoa tangu tumeanza, na dawa hatumii yoyote!"

Wakacheka. Fundi alirudi kwenye cherehani akakanyaga pedali, ingawa hakukuwa na nguo chini ya sindano.

Akili yake ikawa kama uzi uliojisokota. Kama kitabu ni kweli, basi kikohozi chake hakitokani na dawa, na kama hakitokani na dawa ni kifua kikuu. Lakini mkewe alimwona mgonjwa kwa macho. Lakini kitabu kimechapwa. Yeye hajachapwa. Aseme nini, kwamba koo lake linakataa? Nani aliyewahi kushindana na ukurasa wa majibu kwa kutumia koo? Na akisema, itabidi aseme na la kopo la vifungo.

Wageni walipoondoka mkewe alikusanya vikombe.

"Jumatatu siendi," alisema.

"Huendi wapi?"

"Kwenye mtihani. Wakiniuliza jina langu sasa hivi, nitajiuliza kama ni mtego." Hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. "Lile gauni mtafutie mtu mwingine, Baba Watoto. Nguo nzuri isiozee mlangoni."

Fundi alifungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Asubuhi hakufungua duka. Alikwenda kituo cha afya, akapanga foleni nyuma ya akina mama wenye watoto, na zamu yake ilipofika karibu ageuke arudi. Muuguzi wa kliniki ya presha alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nina swali, mama," alisema Fundi. "Mtu anayetumia hii dawa," akaweka kiboksi mezani, "lalamiko lake linatarajiwa kuwa kikohozi kikavu, au kukosa choo?"

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Umekuja kunitahini?"

"Hapana, mama." Akakohoa.

"Hicho hapo!" alisema muuguzi. "Una muda gani nacho?"

"Miezi minne na kitu."

"Miezi minne! Tulikwambia ukiona shida urudi. Mficha maradhi kilio humuumbua, baba. Hii dawa inawakohoza watu, si wote, lakini wapo, na jambo hilo linajulikana. Tutakupima na kifua ili tuwe na uhakika, kisha daktari akubadilishie. Umeiacha?"

"Sijaiacha."

"Afadhali. Ungekuja kuniuliza habari ya kiharusi."

Walimpima, kifua kikakutwa safi, akapewa vidonge vingine. Fundi alitembea kurudi nyumbani akiwa mwepesi mwilini na mzito kichwani. Yaani ukurasa wa majibu umesema uongo. Lakini karatasi zilitoka kwa wasomi. Uongo uliingilia wapi?

Nyumbani alikichukua kitabu, akakipindua kama anavyoipindua nguo yenye kasoro. Jicho la mtu wa kazi likaenda lenyewe kwenye mshono. Akachukua wembe, akakata uzi wa jinzi, akaukunjua ule ukingo wa juu alioupinda. Juu ya ukurasa wa maswali kulikuwa na maneno yaliyokuwa yamezibwa muda wote: SETI YA KWANZA. Akakunjua ukurasa wa majibu. SETI YA PILI.

Alikaa chini. Alifumua na kitabu kingine, ingawa alikwisha kujua atakachokikuta.

Saa kumi walikuja Kiranja na Kasuku. Mkewe alitoka chumbani kwa kulazimishwa, khanga mabegani kama mgonjwa. Kiranja alikuwa anapanga viti.

"Leo hatusomi," alisema Fundi.

"Kwa nini, shemeji, umechoka?"

"Majibu ni ya wengine."

"Wengine nani?"

"Ya kitabu kingine. Nilishona vibaya. Nilipinda juu, nikafunika jina." Maneno yalimtoka nusunusu, jasho likimtiririka. "Swali la thelathini na saba ni A."

Kiranja alitabasamu kwa huruma. "Shemeji, usimwonee mkeo huruma kiasi hicho. Kushindwa ndiyo kujifunza. Wewe utajuaje kuwa ni A?"

Fundi alitazama sakafu. Kisha alikwenda kwenye rafu, akalitwaa kopo la vifungo, akalimimina lote juu ya meza ya kukatia. Vifungo vilitapakaa, vingine vikaanguka vikabingirika chini ya viti. Katikati yake kilibaki kile kiboksi cha enalapril, alichokirudisha humo mchana.

"Najua kwa sababu ninakunywa," alisema.

Mkewe alikichukua kile kiboksi, akasoma jina, akakigeuza, akasoma tena. Khanga ilimteleza begani asiione.

"Tangu lini?"

"Tangu matokeo yako. Siku mbili baadaye."

"Na kikohozi?"

"Kama wiki tatu baada ya hapo."

"Kikavu?"

"Kikavu."

"Makohozi? Homa? Jasho la usiku? Kukonda?"

"Hakuna."

"Uso au midomo iliwahi kuvimba?"

"Hapana."

"Dawa uliacha?"

"Sikuacha. Leo wamenibadilishia. Na kifua wamepima, ni kizima."

Aliuliza mfululizo, haraka, hakufikiria mtego hata mmoja. Kasuku alikuwa ameshika mdomo.

"Jamani," alinong'ona Kasuku, "swali la thelathini na saba limekaa hapa wiki nzima, linatusomea maswali!"

Hapo mkewe alikirusha kile kiboksi mezani. "Miezi mitano! Nyumba ina muuguzi, wewe unaficha presha kwenye vifungo!"

"Haikuwa na muuguzi," alisema Fundi kwa upole. "Ilikuwa na mtu amejifungia chumbani."

Mkewe aliirudisha khanga begani. Akaketi. Alisema, kwa sauti nyingine, "Na mimi nikakwambia vumbi la vitambaa."

Hapo Kiranja uongozi ukamrudia. Aliuchukua ukurasa wa majibu wa seti ya kwanza, akasimama mbele ya ile bitana nyeusi, akaanza kusahihisha upya herufi za chaki. Siku ya kwanza, mkewe Fundi alipata kumi yote. Siku ya pili, nane. Siku ya tatu, walipoanza kwenda kinyumenyume, matatu. Kiranja mwenyewe siku hiyo alikuwa na moja, na alilisahihisha mara mbili akitumaini.

"Kwa hiyo mimi," alisema mkewe, "nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua," alisema Kiranja. "Sisi ndio tulikuwa tunaelezea." Akamgeukia Fundi. "Shemeji, wewe kunyamaza kwako siku moja kutaua watu."

"Nisamehe," alisema Fundi, akaingia chini ya meza kuokota vifungo, na kukaa huko muda mrefu kuliko vifungo vilivyohitaji.

Jumatatu mkewe alikwenda. Fundi alifunga duka, akamsubiri nje ya geti pamoja na waume, mama na dada za watu. Alipotoka, Fundi hakuuliza kama mtihani umekuwa mgumu. Alikuwa na jambo moja tu kichwani.

"Wameuliza la kikohozi?"

"Hawakuuliza."

Fundi alisimama. Usumbufu wote ule, vifungo vyote vile, halafu hawakuuliza? Mkewe alimtazama uso, akaanza kucheka, akacheka mpaka watu wa getini wakageuka. Njia nzima hakumweleza anachokicheka, na Fundi hakukijua.

Matokeo yalitoka baada ya wiki sita. Kiranja alifaulu, Kasuku alifaulu, na mkewe Fundi alifaulu na alama za kubaki. Alilijaribu gauni jeupe, likampwaya. Wasiwasi wa miezi ile ulimkondesha. Fundi alimpima bila kuangalia pembeni, akalipeleka kwenye cherehani, akafumua ubavuni, akaanza kuingiza ndani kidogo kidogo.

Mkewe alikuwa chumbani akipanga mkoba wa kazi. Alisimama ghafla akasikiliza upande wa mbele. Kulikuwa na mlio wa sindano tu, kisha hata sindano ikanyamaza.

"Baba Watoto!" aliita kwa hofu kidogo. "Upo?"

"Nipo."

"Mbona husikiki?"

Fundi alifikiri. Akapitisha mkono kooni. Hakukumbuka mara ya mwisho alikohoa lini.

"Napunguza kiuno," alijibu, akaendelea kushona.